Intavyu Niliyoingia na Mwanangu

Ndugu zangu wa kikao hichi cha wenye mikono mepesi, nna miaka sitini na nane, na kusoma kwangu kuliishia chuo cha Kurani, juzuu ya pili. Nikipotea njia nivumilieni. Mmenambia nisitaje jina la mtu, nami sitolitaja.

Nilikuwa mpigaji. Siyo kofi la kutia adabu, la! Mke wangu nilimvunja mfupa wa bega kwa sababu ya chai iliyopoa. Mwanangu nilimtoa jino la mbele kwa ngumi, likaanguka ndani ya bakuli la uji, na nikamwambia aumalize uji wake. Nilikuwa nikifanya kazi bandarini, siku zile za makontena, kabla hazijaja meli za watalii, na pale ukijifanya mpole... lakini tuyawache hayo. Bandari haikunifunza kumpiga mke.

Mtoto akasoma mpaka chuo kikuu, mahesabu ya bima. Nikamuuliza, "Kazi gani hiyo?"

"Kampuni inataka kujua nani ataumwa, nani atagonga gari, na lini. Mimi ndo nakisia, kwa hesabu."

"Basi wewe mganga."

"Mganga mwenye digirii, baba."

Nikacheka. Siku hiyo sikumpiga.

Akenda intavyu ya kwanza, wakamkataa. Ya pili, ya tatu, vivyo hivyo. Kila akirudi, nampiga. Ile ya tatu nilimpiga mkanda mpaka dishdasha, ile kanzu yake, ikagandana na mgongo. Mwanamume mzima, wala hakuinua mkono. Na jambo jengine likinipandisha wazimu: nikirudi na ghadhabu zangu, aghlabu mke wangu na binti yangu hawapo, wako kwa jirani, namkuta yeye tu. Nilikuwa nikisema, mke mzururaji huyu! Navunja sahani.

Ya nne nikampeleka mwenyewe, kutoka kwetu Al Amerat, tukavuka mlima mpaka mjini. Sasa nyie mnatujua sisi. Mtoto akenda kuposa, mzee ndiye anayesema. Nikaona kazi nayo ni posa. Alipoitwa nikaingia nyuma yake na bakora yangu, nikatoa salamu, nikawapa mkono wale wawili wanaume, bibi wa tatu nikamwinamia kichwa, nikakaa. Wangefanyaje? Mzee hafukuzwi. Nikaletewa kahawa na tende. "Karibu, ammi," kasema mkubwa wao, huku akimtupia jicho mwenziwe.

Wakamuuliza hesabu, akazijibu zote. Kisha yule bibi akasema, "Tueleze hesabu uliyoifanya mwenyewe, siyo ya chuo."

Mwanangu akageuka. Akanitazama.

"Nyumbani kwetu kuna mtu anapiga," akasema. "Nimemwandika miaka sita. Siku gani, kwa sababu gani, kwa kitu gani. Khatari kubwa ni Alkhamisi, na siku ya joto, na siku ya khabari mbaya. Nikishapiga hesabu namwambia mama, leo tokeni. Mara nyingi napatia."

"Na wewe?"

"Mimi hubaki. Akikuta nyumba tupu kabisa, huwafuata."

Wallahi nilisikia damu masikioni. Nikainuka na bakora. Na nnawaambia nilichokiona: bilauri ya maji iliyokuwa mbele ya mwanangu keshaisogeza pembeni, na mkono keshauweka juu ya kichwa. Kabla sijainuka! Nikampiga hivyo hivyo. Mkono ukapasuka, damu ikamwagika juu ya karatasi zao. Mlinzi akaja akanibana ukutani.

Mwanangu akasema taratibu, "Mwacheni. Mbele ya wageni hupiga moja tu."

Na kweli. Mkono wangu ulikuwa umeshashuka wenyewe. Ndugu zangu, nimepigwa na watu bandarini, lakini sijapigwa kama siku ile.

Shemegi yangu, kaka yake mke wangu, alikuja jioni ile akawachukua wote watatu, mama na wanawe. Nilipowafuata alinifungia geti, akanambia juu ya ukuta, "Kwanza nenda kwa wagonjwa wenzio." Ndo nikaja hapa. Mmoja wenu akaniuliza, "Bakora hiyo unaiegemea au unapigia?" Magoti yangu mazima. Nikamwachia bakora.

Namshukuru shemegi kwa lile geti. Namshukuru mke wangu, alorudi baada ya mwaka, kwa masharti yake. Nakushukuruni nyinyi mliokuwa mkinicheka nikijitetea. Na kama nna la kukwambieni ni hili: usingoje usamehewe ndipo uwache. Wacha, hata kama husamehewi.

Kazi mwanangu aliipata, intavyu ya sita, kenda peke yake. Kapanga nyumba yake. Ijumaa baada ya sala huja kula. Mkono wa kulia anakula, wa kushoto umeshika funguo za gari, tangu anaingia mpaka anatoka. Simwambii aziweke chini. Namwongezea nyama.