Shayiri ya Wahu Imepita

Benchi la mbele ya hoteli ya Seline pale Eldoret lilikuwa na wenyewe, na mwaka ule wa sabini na moja hakuna aliyelikalia kwa uchungu kama Gathogo. Wenzake walimwita Settler, kwa kuwa alinunua ekari kumi za mzungu kule Yamumbi na tangu hapo hakuacha kuzitaja. Juma hilo kampuni ya kimea cha kutengenezea bia ilikataa shayiri yake yote: punje nyembamba, protini imezidi, apelekee kuku. Ya jirani yake Wahu, mjane, ilipita hadi gunia la mwisho. Asiyepita hapewi mbegu ya msimu ujao. Gathogo alikuwa na wivu wa kumchoma kifua, ingawa mwenyewe aliuita mshangao.

— Udongo ni ule ule, alisema. Mvua ni ile ile. Mbolea ni kama yake tu. Sasa hiyo ni nini?

Ogola wa reli, waliyemwita Redio, alipuliza kahawa yake.

— Huyo mama ako na mtu kwa kampuni. Nilisikia hiyo maneno Timboroa.

— Wapi! alisema Murunga, aliyeitwa Meneja kwa sababu aliwahi kuwa karani wa mzungu. Mzungu alizika mikebe upande wa Wahu. Niliona na macho yangu.

— Mikebe ya nini?

— Sasa hiyo ndiyo siri.

— Mimi naambiwa huwa anaimbia shayiri nyimbo za kanisa, alisema Redio. Punje inasikia, inanona.

— Hata yangu ilisikia, alisema Gathogo. Waya inazuia ng'ombe, haizuii sauti.

Wakacheka, yeye hakucheka. Alikuwa anakumbuka mwezi wa saba, shayiri yake ilipokuwa ndefu na ya kijani kibichi, na ya Wahu imepauka hata akamwonea huruma. Wapita njia walimsifu. Sifa zikamlevya, akaongeza, tena mara mbili, mbolea nyeupe ya kukuzia mahindi, inayonenepesha majani kuliko punje, akiirusha karibu na waya ili mjane aone. Mwezi wa nane shayiri ililala chini yote. Hayo benchi halikuambiwa.

Wahu mwenyewe akatokea, amekuja kununua sukari.

— Baba Wangari, alimwambia Gathogo, nilikuwa nakutafuta. Kampuni wamesema naweza kuchukua mbegu ya watu wawili, nikataja wewe. Wanauliza kitu moja tu: uliweka mbolea gani?

Benchi zima likamgeukia. Gathogo alitamani sana mbegu ile, lakini kuipokea mkononi mwa Wahu kulimuuma kuliko kuikosa.

— Kama yako.

— Mimi niliweka ya kupandia peke yake, mara moja. Wewe pia?

— Mimi pia.

— Basi watasema udongo wako ndio mbaya, na udongo mbaya hawapei mbegu. Alimtazama bila hasira. Baba Wangari, uliweka gani?

Redio alichungulia kikombe chake. Meneja akakohoa. Wahu alingoja mpaka Seline akapita na birika na kusema kahawa imeisha.

— Sawa, alisema Wahu, akichukua sukari yake. Mbegu ya pili nitamtaja jirani yetu Bethwel.