Bwana Chupa na Kisima cha Mkwewe

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1948, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alikuwa fundi mabomba. Ndugu zake wawili waliomtangulia walikufa kwa kuhara wakiwa bado wanatambaa. Nyumbani hawakutajwa sana. Yeye aliwabeba moyoni.

Alisoma shule ya msingi ya hapo stesheni, kisha sekondari ya ufundi, akamaliza 1967. Baadaye akapata cheti cha afya ya jamii. Cheti kipo ukutani, mwenye kutaka kukiona akakione.

Mwaka 1970 idara ya maji ya wilaya ilimwajiri kuwa mpima maji, mpaka alipostaafu 2003. Alifika mtaani na boksi la barafu begani, akawasha pamba yenye spiriti, akaunguza mdomo wa bomba kwanza ndipo akinge maji kwenye chupa yake, ili maji yasije yakasingiziwa uchafu wa nje. Watoto walimpachika jina la Bwana Chupa.

"Bwana Chupa, bomba limeiva?"

"Bado. Leteni chumvi."

Alifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974. Alipokwenda kujitambulisha ukweni, aliletewa maji ya kisima alichochimba baba mkwe kwa mikono yake. Akauliza, "Mama, yamechemshwa?" Watu wakatazamana. Mama mkwe akasema, "Binti unayemtaka amekua kwa maji hayo hayo. Unamwona mgonjwa?" Akanywa yote, gilasi akairudisha tupu. Mkewe alimtania kwa hilo maisha yote.

Mwaka 1989, wao wakiwa wamehamia kwenye kiwanja cha baba mkwe, zilijengwa nyumba za kupangisha upande wa juu wa kisima kile, na vyoo vyake. Marehemu aliteka maji ya kisima akayatia dawa inayogeuka nyeusi ikikuta uchafu wa choo, akaiweka chupa dirishani jikoni. Baada ya siku mbili yalikuwa meusi kama wino.

"Mke wangu, vyoo vya jirani vinatutembelea."

"Baba yangu hakuchimba choo. Maji yake ni matamu."

Akakifunga kisima kwa mfuniko wa zege, akaupaka rangi nyekundu. Mkewe hakumsemesha mpaka mvua zilipokatika. Mezani hata chumvi iliombwa kupitia kwa watoto. Marehemu hakuomba radhi. Kila asubuhi aliamka mwenyewe akachemsha maji ya nyumba nzima.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Wodini, muuguzi alipomletea vidonge, aliuliza, "Haya maji ya wapi?"

"Ya bomba, mzee."

"Bomba lipi?"

Mkewe akamwambia, "Meza, baba. Leo mgonjwa ni wewe, siyo maji." Marehemu akacheka mpaka akakohoa. Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Agosti 2023. Mkewe alikunja shuka, akachukua viatu, akarudi nyumbani.

Jana bomba la mtaa lilikauka, na waombolezaji wamejaa uani. Kaka zake mjane wakaja na mtaimbo kufungua kisima.

"Dada, maji ya baba yapo pale pale. Aliyeyafunga ndiye huyo tunayemzika. Atatuzuia nani?"

Mjane akaenda akaketi juu ya mfuniko.

"Inuka, dada. Si wewe uliyesema ni matamu?"

"Ni matamu. Nilisema na nasema. Haya, bomoeni na mimi nikiwa juu."

Walisimama, wakachoka, wakaegemeza mtaimbo ukutani. Aliketi hapo hapo mpaka gari la maji likafika. Maji mnayokunywa leo ni ya gari hilo, na yamechemshwa. Mjane ameyachemsha kwa mkono wake, kwa kuwa aliyekuwa akichemsha hayupo.

Marehemu ameacha mjane, binti muuguzi, mwana fundi magari, kitinda mimba mwalimu, wajukuu saba, dada mmoja, na kisima kilichofungwa.

Lala salama, Bwana Chupa. Mfuniko uko mahali pake.