Chapa Chini ya Wayo

Jamaa, majirani na mafundi wenzake marehemu mliotoka nasi makaburini, assalamu alaikum. Nasoma kwa niaba ya familia, mimi Ogle, mdogo wake wa kumfuata.

Marehemu Diriye Kulow alizaliwa Sangailu mwaka wa 1948, akasoma duksi tu, madrasa ya Kurani, kwa kuwa baba alikuwa na uwezo wa kupeleka mtoto mmoja shuleni na yeye akaniachia mimi nafasi hiyo, akabaki na ngamia hadi 1968, alipojifunza kuchomelea vyuma kwenye gereji ya malori hapa Garissa, na kuanzia Januari 1974 akawa fundi wa karakana ya chuo cha ufundi cha hapa mjini. Alimwoa Hinda tarehe 6 Machi 1976, wakajaliwa Ruweyda, Kadar na Nasteha.

Juni 1994 alikuja mtafiti kutoka ng'ambo na mashine ya miguu minne, yenye kompyuta ya kupigia hesabu kila hatua, na kila hatua ikazama mchangani. Marehemu alicheka mpaka akakaa chini, akasema ngamia hahesabu, wayo wenyewe ndio unaoujua mchanga, akili nyingine iko mguuni. Kwa miezi minne alishona nyayo za mpira wa tairi, zenye mafuta ndani, za kutanuka zikikanyaga na kujikusanya zikiinuka, na mashine ikavuka mchanga wa laga, mkondo wa mto uliokauka, bila kompyuta kuambiwa lolote.

Chini ya kila wayo alichonga chapa ya ngamia wetu, kwa sababu kwetu ngamia akipotea hata akafika Banissa, atakayemwona husoma chapa na kumrudisha kwa mwenyewe, naye aliamini hiyo yatosha kumtambulisha mwenye kazi.

Mwaka wa 1996 lilikuja jarida lenye makala ya mtafiti na picha ya alama za mashine mchangani, chapa yetu ikionekana wazi, na jina la marehemu halimo. Alisalitiwa, na mkalimani kati yake na mtafiti nilikuwa mimi. Karatasi aliyoitia sahihi siku ya kuagana ilisema kazi yote ni ya mtafiti, nami nilimwambia ni barua ya shukrani, maana mtafiti alikuwa ameniahidi nafasi ya kusoma ng'ambo, nafasi ambayo mpaka leo sijaiona. Alipoliona jarida nilimdanganya tena, kwamba jina lake litatoka toleo lijalo.

Novemba 1998 aliugua figo, akalazwa, na kila nilipoingia wodini aliuliza kama toleo limefika. Alifariki jana alfajiri, tarehe 14 Februari 1999.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomsaidia Hinda kupika na kuchota maji, na mafundi wa karakana, ambao nimewakabidhi barua yenye ukweli huu na sahihi yangu, waipeleke kwa wenye jarida.

Mola akupumzishe kwa amani, abboowe, kaka yangu. Aliyelificha jina lako ndiye aliyelisoma leo.