Mashine Inayobisha Hodi

Kitinda: Haloo? Nani mwenzangu?

Mama: Ni mimi. Umeshaisahau sauti yangu?

Kitinda: Mama? Shikamoo. Namba ngeni hii—

Mama: Marahaba. Simu ya jirani, yule mshonaji. Yangu ukiiona unasema utanipigia jioni, na jioni yenyewe haifiki.

Kitinda: Si hivyo, mama. Kazi tu.

Mama: Mbona kunavuma hapo?

Kitinda: Feni. Niko chumba cha seva, zile kompyuta kubwa za kazini.

Mama: Na nani?

Kitinda: Peke yangu. Kama kawaida.

Mama: Umekula?

Kitinda: Bado. Leo hapakaliki. Duka la mtandaoni limekufa tangu asubuhi, bosi amefura, na programu yangu inaniambia kila kitu kizima.

Mama: Programu gani tena?

Kitinda: Ya kukagua seva. Niliiandika mwenyewe kwa PHP—

Mama: Ndiyo mdudu gani huyo?

Kitinda: (anacheka) Lugha ya kompyuta. Inapita kwa kila seva ikibisha hodi. Ikiitikiwa, inaandika "mzima". Isipoitikiwa, simu yangu inapiga kelele hadi niamke.

Mama: Sasa imekosea wapi?

Kitinda: Seva iliitika. Ila jibu lenyewe lilikuwa "nimeshindwa". Mimi sikuiambia isome jibu. Niliiambia iangalie kama limekuja, basi.

Mama: Yaani mgonjwa anasema naumwa, mganga anaandika mzima.

Kitinda: Hivyo hivyo.

(Mtandao unakwaruza.)

Mama: Kitinda.

Kitinda: Naam.

Mama: Ule ujumbe wako wa asubuhi. "Shikamoo mama, umeamkaje?"

Kitinda: Eeh?

Mama: Juzi nilikujibu nimeanguka bafuni.

Kitinda: Ume— sikusikii vizuri, mama—

Mama: Nimeanguka. Nikakuandikia niko pale pale sakafuni, mguu haukanyagiki. Ukanijibu papo hapo: "Nimefurahi kusikia. Siku njema, mama."

Kitinda: Sakafuni?

Mama: Nikasema labda mwanangu ana haraka. Nikaita, nikaita, mpaka mshonaji akasikia.

Kitinda: Mguu ukoje? Umevunjika?

Mama: Umevimba tu. Hukuwa wewe, sivyo?

Kitinda: Mama...

Mama: Nauliza tu.

Kitinda: Ni programu ile ile. Niliiunganisha na namba yako tulipomzika baba. Nilikuwa silali, nikikufikiria uko peke yako humo ndani. Nikasema angalau nijue kama umeamka.

Mama: Na mimi navaa miwani kila asubuhi, naandika polepole nisikosee. Nakueleza paa linavyovuja. Hukusoma?

Kitinda: Hapana.

Mama: Hata ile ya siku niliyomwota baba yako?

Kitinda: Hapana, mama.

Mama: Ilikuwa ndefu ile.

Kitinda: Zote zimehifadhiwa, mama. Nitazisoma, moja moja—

Mama: Na nisipojibu, inakuwaje?

Kitinda: Simu yangu inalia. Ningeacha kila kitu, nipande gari la kwanza.

Mama: Kumbe.

Kitinda: Mama, sikiliza—

Mama: Kumbe ningenyamaza tu, ungekuja.

Kitinda: Nakuja. Nikimaliza hili la duka, nakuja—

Mama: Maliza, usije ukafukuzwa kazi. Mshonaji naye anaitaka simu yake, ana wateja. Haya, kale chochote.

Kitinda: Usikate kwanza. Kesho asubuhi nitakupigia mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Mama: Umeshaniambia hivyo mara nyingi, baba. Kesho mashine yako ikibisha hodi, mimi sijibu.

Kitinda: Mama, usifanye hivyo, nitashtuka—

Mama: Nakutakia kazi njema.

(Laini inakwaruza.)

Kitinda: Mama? Haloo?

(Feni zinavuma.)

Kitinda: Mama, itika basi.