Ufunguo wa Daraja

Kwenye basi la mwendokasi, Mzee Leodegar, mstaafu wa reli anayedai aliwahi kuendesha treni akiwa amelala, alijifanya amesinzia ili asikie vizuri. Mbele yake Candida, muuza viatu wa Kariakoo, alishika simu yenye akiba yake yote ya sarafu za kidijitali, akamgeukia Akash, kijana aliyeketi kando yake.

"Akash, zangu ziko mtandao huu, yule wa China anayeniuzia viatu anapokea kwenye mwingine. Zitafikaje?"

"Zipitishe darajani, dada. Zako zinafungiwa huku, kule anapewa nyingine za thamani hiyohiyo."

"Ufunguo anao nani?"

"Programu."

"Kwao wapi?"

Akash akacheka. "Programu haina kwao!"

"Sasa mzigo wangu nimwachie asiye na kwao?"

Mzee akasahau kukoroma. Mlango ukafunguka kituo cha Gerezani. Candida akashuka, kidole kikiwa juu ya kitufe, hajabonyeza.