Nililala Chini Mbele ya Jopo la Madaktari

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na walio wazima, asifiwe na wanaoumwa! Wengi hapa Malvern mnanijua kama Baba Neema, mume wa Furaha anayesuka nywele pale Jules Street. Wengine mnanijua kama yule mwanaume mvivu anayelishwa na mkewe. Nimelisikia jina hilo. Leo nitalijibu, tena kwa hasira, maana Mungu aliyenikomboa hakuniagiza nije hapa nikitabasamu.

Baba yangu alikuwa mtu wa huku Afrika Kusini, akakimbilia Tanzania enzi za ubaguzi, akamwoa mama yangu Morogoro. Mimi nilikuja huku kijana, nikaingia jeshini. Walipogundua najua Kiswahili wakanipeleka Kongo na kikosi cha kulinda amani, niwe mkalimani. Nilikuwa na nguvu, ndugu zangu! Nilibeba mzigo wangu na wa mwenzangu. Huko msituni nikashikwa na homa kali, nikalazwa kwenye hema la wagonjwa. Homa iliondoka. Nguvu hazijarudi hadi leo.

Sisemi uchovu wa kutoka kazini, ukalala, asubuhi ukaamka mpya. Huu wangu nalala nao, naamka umezidi. Nikifua shati moja, kesho yake kikombe ni kizito. Mwanga wa dirishani unaniumiza kichwa. Jina la mwanangu mwenyewe linanipotea mdomoni! Vipimo vya damu vilikuja safi, tena na tena, mpaka daktari mmoja wa hospitali ya serikali akaniambia huu ni ugonjwa wa uchovu sugu, huweza kumwandama mtu baada ya homa kama ile, na dawa ya kuumaliza haijapatikana. Nililia kwa furaha. Walau ulikuwa na jina.

Jeshi likaniachisha kazi. Nikaomba fidia ya ulemavu, maana niliugua nikiwa kazini, sare yao mwilini. Nilitaka waseme tu: huyu aliumia akitutumikia. Na nilitaka Neema asome.

Wakaniita Randburg mbele ya jopo la madaktari. Sasa sikilizeni ujinga tunaofundishwa askari! Siku kadhaa kabla sikufanya kitu, nililala nikikusanya nguvu. Siku yenyewe nikanyoa ndevu, nikapiga suruali pasi, nikang'arisha viatu, nikaingia kifua mbele. Daktari mkuu akaniuliza hali. Nikabana visigino, nikasema niko vizuri, mkuu! Nilikwenda kuwaambia naumwa, na neno la kwanza likawa niko vizuri! Jeshini mkubwa akikuuliza, jibu ni hilo, hata mguu uwe umevunjika. Wakasema chuchumaa, nikachuchumaa. Inua mikono, nikainua. Wakatosheka. Nilipotoka nje nikaanguka pale kwenye robot, kwenye taa za barabarani, watu wakanipita wakidhani ni mlevi. Furaha ndiye aliyenifikisha nyumbani, na sikutoka kitandani mwezi mzima.

Jibu likaja: mwombaji ni mzima wa mwili. Mzima! Walinitazama muda wa kunywa chai, wakajua kuliko mke anayenivalisha soksi!

Na ninyi je? Siwezi kuisema serikali nikaficha ya nyumbani. Alikuja mhubiri mgeni, hapa hapa, akaniita mbele, akakemea pepo la uvivu, akaniamuru nikimbie kulizunguka kanisa. Nikakimbia! Askari akiamriwa anakimbia. Mkapiga vigelegele, mkapiga na picha. Nilipozidiwa baadaye hakuna aliyekuja kupiga picha. Mkasema imani yangu ni haba, ndiyo maana uponyaji umeniponyoka. Mungu awasamehe. Mimi bado najifunza.

Nilifika mahali sitaki hata kuomba. Nilimwambia Mungu waziwazi, nimechoka na Wewe pia! Furaha ndiye aliyekata rufaa. Siku ya kusikilizwa ikaangukia siku mbaya, siku ambayo hata kukaa siwezi. Nikamwambia tuombe tarehe nyingine, niende nikiwa na nguvu. Akanigeukia, macho mekundu, akanifokea kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Aa-a, Baba Neema! Kila mara unabapelekeaka ule mwanaume wa pasi. Leo baone ule minachungaka mu nyumba!"

Yaani kila mara nawapelekea yule wa suruali ya pasi, leo wamwone mgonjwa anayemtunza nyumbani. Akampigia simu Mama Bahati, kiongozi wa wamama wa kanisa. Mnaijua desturi ya Wakongo wakati wa kilio: wamama hubeba magodoro yao, wakalala chini pamoja na mfiwa, hawamwachi peke yake. Mama Bahati akauliza, kwani lazima mtu afe kwanza? Wakaja na godoro. Wakanipakia nyuma ya pikapu, sijanyoa, nimevaa nguo za kulalia, nasikia aibu mpaka masikioni. Wakalitandika sakafuni katikati ya chumba cha jopo, wakanilaza, wakaketi kunizunguka.

Daktari yule yule akaingia. Akasema kwa ukali, simama bwana, hapa si hospitali. Ndugu zangu, miguu ilitaka kutii! Mwili wote ulijivuta uinuke. Ndipo nikasikia moyoni, wazi kama ninavyowasikia ninyi: lala. Maisha yangu yote sijaamriwa kwa upole namna ile. Nikalala. Nikasema, siwezi, mkuu. Tangu nivae sare sikuwahi kumwambia mkubwa maneno hayo, na nililia nilipoyasema. Waliuliza, nikajibu nusu, neno likapotea. Safari hii walisubiri. Daktari ikabidi apige magoti anipime pale chini, na Mama Bahati hakumpisha hata kidogo.

Wamekubali! Haleluya! Wamekiri kwamba ugonjwa huu niliupata kazini kwao. Neema anasoma. Lakini hasira sijaitua, maana ugonjwa ni ule ule walioukataa nilipovaa vizuri! Wangapi wamelala kwenye vyumba vya kupanga kule Joubert Park, wameandikiwa ni wazima, na hawana wamama wa kuwabeba?

Asante Yesu! Asanteni wamama. Mchungaji wetu, ulikuja kitandani kwangu kuniomba radhi kwa zile mbio, Mungu akubariki.

Sijapona, ndugu zangu. Nimefunguliwa katika kujifanya mzima. Wewe unayeumwa na hakuna anayekuamini, mwamini Yesu, Yeye hangoji usimame ndipo akuone. Nilikuwa na mengine ya kusema, ila maneno yameanza kunipotea. Zamani ningeuma meno mpaka mwisho. Leo nasema mbele yenu wote: nimechoka. Furaha, njoo unishike mkono. Amina.