Mwari wa Agosti na Ndoo ya Nahmen

Mheshimiwa Meya Ocke Hansen, Mchungaji wetu, Daktari Imke Harksen na wenzako wa Kamati ya Ndege Adimu, mliovuka kutoka bara asubuhi hii na matumbo yenu bado hayajatulia, ndugu zetu wa zimamoto, mliotoa gari lenu nje ili sisi tupate ukumbi, wanakisiwa wenzangu, na wewe, Nahmen Lorenzen, uliyejichagulia kiti cha dirishani ili uangalie nje wakati sisi tunakusifu: habari za mchana.

Kwa wageni wasionijua, mimi ni Keike Ketelsen, mwenye nyumba ya wageni pale gatini. Miaka yote ambayo Nahmen ameongoza kituo chetu cha kuchunguza ndege wa mwituni, mimi ndiye niliyemkaangia samaki. Nimeombwa nimuage kwa sababu ninamjua. Wengine waliombwa wakakataa, maana nao wanamjua.

Mtu akistaafu husifiwa unyenyekevu, bidii na kutunza muda. Mimi siwezi kusema uongo mbele ya Mchungaji. Nahmen ni mbishi, huchelewa chakula, na ukimsimulia jambo zito, macho yake yanapita juu ya bega lako yakifuata kitu kinachoruka. Sifa yake ni moja tu: hawezi kukaa na swali bila kulichokonoa. Mwisho wa Agosti akiona kitwitwi mchanga anadonoa tope peke yake, wakati wazazi wake walikwishatangulia kusini zamani, Nahmen atasimama pale mpaka maji yanamfika magotini, akijiuliza nani atamwonyesha huyu mtoto njia. Nikimwuliza jibu, ananiambia hajui, na anaonekana kufurahi kabisa kwamba hajui.

Ni wangapi hapa wanaukumbuka mwaka wa mwari? Naona mnacheka. Siku ile hamkucheka.

Ulikuwa mwaka ambao ofisi ya bara ilitaka kukifunga kituo. Kisiwa ni kidogo, walisema, ndege ni wale wale, na Nahmen ni ghali. Wakuu walikuwa waje mwisho wa Agosti kutoa uamuzi. Basi wiki hiyo hiyo, baada ya upepo mkali wa kusini, akatua mwari, yule ndege wa maji mwenye mfuko chini ya mdomo. Mwari, ndugu zangu, kwenye tope letu! Mweupe, mkubwa kama kitanda cha mtoto, ndege ambaye babu zetu hawakuwahi hata kumwota. Feri zikajaa. Watu wakaja na darubini ndefu kuliko miguu yao, televisheni ikaja, nami nikalaza wageni hadi kwenye chumba cha kupigia pasi. Mheshimiwa Meya, wewe mwenyewe uliagiza fulana. Sote tulikuwa na wazo moja: kituo kilichompata mwari wa mwituni, nani atathubutu kukifunga?

Sote isipokuwa Nahmen, ambaye alikuwa na swali. Je, ndege huyu ametoka kusini kwa mabawa yake, au ametoroka kwenye bustani ya mtu? Maana kwa watu wa ndege, mtoro hahesabiwi, hata awe mzuri namna gani. Mguuni hakuwa na pete, mabawa yalikuwa mazima, na wataalamu waliokuwepo walikwishaanza kupeana mikono. Nahmen akaja jikoni kwangu kuazima ndoo ya bati.

Nilielewa papo hapo. Ndege aliyefugwa anaijua sauti ya ndoo ya chakula. Nikamwambia, "Nahmen, kituo ni chako na kazi ni yako. Kwani ni lazima ujue?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Keike, kwani wewe hutaki kujua?"

Akashuka nayo ufukweni, mbele ya kamera, mbele ya wakuu wa ofisi waliokuwa wamefika asubuhi hiyo wakitabasamu. Ndani ya ndoo hamkuwa na kitu ila kokoto. Akaitikisa. Mwari akainua kichwa, akageuka, akaja mbio akiyumbayumba katikati ya waandishi wa habari, akaingiza mdomo mzima ndani ya ndoo.

Nahmen peke yake ndiye aliyesema, tena kwa furaha, kwamba basi, ni wa kufugwa.

Mchana feri ilijaa tena, safari hii ikiondoka. Mwenye bustani akaja na kreti, na mwari akaingia mwenyewe bila kusukumwa. Fulana zikabaki, na nasikia hadi leo wazimamoto wanafutia gari. Mimi nilimkasirikia Nahmen, na sisemi kwamba nimemaliza. Wiki ile nilimtilia chumvi kwenye supu kwa makusudi, akaila yote bila kuona tofauti.

Kisha upepo ukageuka, ukaja wa mashariki na mvua yake. Nyuma ya choo cha kituo, kwenye kichaka cha waridi mwitu, Nahmen akaona ndege mdogo wa kijani kilichofifia, mwenye mstari mweupe juu ya jicho, mzaliwa wa misitu ya Siberia aliyepotea njia. Hakuna mtu aliyewahi kumwona ndege wa aina hiyo nchini kwetu. Nahmen alikuwa peke yake, hana kamera, mkononi ana mkate uliotiwa kamba wa baharini. Kabla hajaumaliza mkate, ndege akaenda zake. Akaiarifu Kamati, na sisi tukaguna. Kamati hii, iliyowahi kukataa ndege walioletwa pamoja na picha tele, ingemsadiki mtu mwenye mkate?

Ofisi ya bara ilikwishaanza kukifunga kituo na simu yake ilikuwa imekatwa, kwa hiyo wakapiga kwangu. Alikuwa Daktari Imke, naye yupo hapa anisahihishe nikikosea. Alisema: "Mwambie Nahmen tumemkubali ndege wake, na picha hatuhitaji. Angetaka kutudanganya, angetuachia yule mwari."

Maneno hayo hayo akayapeleka ofisini. Akawaambia kituo cha ndege hakina kitu kingine cha kutoa ila kusadikiwa, na hiki kinasadikiwa. Ndiyo maana hakikufungwa, na ndiyo maana leo tunamuaga mtu aliyemaliza kazi yake na si mtu aliyefukuzwa.

Nahmen, unahamia bara kwa dada yako, na mimi sijui nitamkasirikia nani. Nitakukosa sana. Asante kwa kila kitu, hata kwa siku ile.

Sasa namgeukia Wiebke Martens, anayepokea funguo za kituo. Binti yangu, ipo siku, mwisho wa Agosti kama huu, atatua ndege ambaye kisiwa kizima kitataka awe wa kweli. Vyumba vyangu vitakuwa vimejaa, na Meya atakuwa ameagiza fulana. Nitakuja mimi mwenyewe kukusihi usichunguze, na nikisihi, huwa najua kusihi. Siku hiyo, usinisikilize.

Ninyi wengine wote, kwa kunisikiliza leo, asanteni sana.